Sura ya Sita: Nyumba Iliyopoteza Saa

Bujumbura jua halizami majini. Huzama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na mtu aliyesimama ufukweni huiona milima ile ikigeuka kutoka kijani hadi zambarau, kisha nyeusi, kabla taa za Uvira hazijaanza kuwaka moja moja. Mji wetu uko nyuzi tatu na kitu tu kusini mwa ikweta, na huku jioni haina mwendo mrefu. Saa kumi na mbili bado unamtambua mtu kwa uso. Saa moja inapogonga, usiku umeshaingia.

Sasa lipe ziwa mgongo, uingie mitaani. Pita Buyenzi, Bwiza au Nyakabiga, na katika kila mlango ulio wazi utaona taa moja nyeupe, isiyo na kifuniko, imening'inia katikati ya dari. Chini yake mtoto anaandika kazi za shule, mama anakusanya sahani, baba anatazama simu, na kichanga kinahangaika kupata usingizi. Taa itabaki hivyo hivyo, kwa ukali uleule, mpaka saa nne au saa tano ya usiku.

Rudi katika nyumba hiyo kesho yake saa nne asubuhi. Nje jua ni kali kiasi cha kukufanya ukunje uso. Ndani ni giza. Mapazia yamefungwa kuzuia joto na vumbi, dirisha ni dogo, na ukuta wa ua umesimama hatua mbili tu kutoka dirishani. Mgeni anayeingia hupapasa kiti. Nyanya aliyeketi humo tangu alfajiri atabaki humo mpaka magharibi, na jua la ikweta likiwa mlangoni pake.

Neno langu katika sura hii ni moja: nyumba zetu nyingi zina usiku mchana, na zina mchana usiku. Zimepoteza saa. Na anayelipa gharama si nyumba, ni wakaaji wake, kwa usingizi mwepesi, uchovu wa asubuhi, hasira za karibu na moyo mzito usiojulikana umetokea wapi.

Saa inayoanza na mwanga

Wasemaji wa Kiswahili hatuianzi siku katikati ya usiku, watu wakiwa wamelala. Tunaianza jua linapochomoza, na saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga. Majirani zetu wasemao Kirundi huhesabu vivyo hivyo, na hata salamu zao hufuata jua: asubuhi ni *mwaramutse*, jioni ni *mwiriwe*. Waliotuachia hesabu hii waliishi chini ya jua linalochomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, wakaona hakuna alama ya kuaminika kuliko hiyo.

Mwili nao huhesabu hivyo. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho mawili inapopishana, kuna fungu dogo la seli zipatazo 20,000. Ndilo saa kuu ya mwili. Hupanga lini joto la mwili lipande na kushuka, lini njaa ije, lini homoni zitoke, lini usingizi uanze kuvuta. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kueleza jinsi saa hii inavyotembea ndani ya seli.

Lakini saa hii ina kasoro ndogo. Kwa watu wengi duru yake huzidi saa 24 kwa dakika chache. Ikiachwa peke yake huchelewa kila siku, kama saa ya mkono ya zamani isiyotiwa ufunguo. Kinachoirekebisha kila siku ni mwanga, na wenye nguvu ya kuisogeza mbele ni ule wa asubuhi.

Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu waliamini kwamba jicho lina aina mbili tu za seli za kupokea mwanga, moja ya kuona rangi na nyingine ya kuona gizani. Mwaka 2002 timu za David Berson na Samer Hattar zilionyesha kwamba kuna aina ya tatu. Seli hizi hazitengenezi picha. Kazi yake ni kuipasha habari saa ya ubongo: kumekucha, au kumekuchwa. Zina kemikali iitwayo melanopsini, na melanopsini husisimka zaidi na mwanga wa buluu, yaani ile rangi ya mbingu safi ya mchana juu ya ziwa letu.

Jioni, mwanga wa buluu ukiondoka, ubongo huruhusu homoni iitwayo melatonini ianze kutoka. Aaron Lerner aliitambua mwaka 1958. Haimlazi mtu kwa nguvu. Huuambia mwili wote kwamba usiku umefika, jiandaeni. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionyesha kwamba mwanga mkali ukimpiga mtu usiku, melatonini hukatika. Mwili huamini kwamba bado ni mchana.

Sasa irudie ile taa nyeupe ya Buyenzi. Mwenye nyumba anadhani inamwonyesha tu kilipo kikombe. Kumbe kila jioni inaubishia mwili wake, ikidai kwamba jua halijazama.

Mafunzo ya ndagala

Mtu wa Bujumbura hana haja ya kwenda mbali kuona jinsi mwanga unavyouendesha mwili. Apande mlimani, mtaa wa Kiriri, katika usiku usio na mbalamwezi atazame chini. Ziwani ataona mji wa pili. Ni mitumbwi ya wavuvi, imefungwa miwili miwili au mitatu mitatu kama jukwaa, taa zikining'inia juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za LED zinazotumia betri. Vidudu vidogo vya majini husogelea mwanga, samaki wadogo waitwao ndagala huvifuata vidudu, samaki mkubwa aitwaye mukeke humfuata ndagala, kisha wavu huinuliwa.

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi hupumzika. Ziwa zima limeangazwa, na taa ya mvuvi haimshawishi tena samaki.

Hapa kuna mafunzo mawili. La kwanza, mwanga ni amri. Kiumbe huitii bila kuulizwa na bila kujua kwamba ameamrishwa. La pili, nguvu ya taa inategemea giza linaloizunguka. Taa ndogo katika giza kuu humwinua samaki kutoka kilindini. Taa hiyohiyo katikati ya mwanga mwingi haifanyi kitu. Ndivyo ilivyo nyumbani. Aliyepata mwanga mwingi mchana, taa ya jioni humsumbua kidogo. Aliyekaa gizani kutwa, taa ileile humpiga kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo nyumba yenye giza mchana humdhuru mtu mara mbili.

Kipimo cha macho na kipimo cha mwili

Macho yetu ni mashahidi wabaya wa wingi wa mwanga, kwa kuwa yanazoea haraka. Wahandisi hupima kwa luksi. Mshumaa mmoja, ukiwa mita moja kutoka kwenye ukurasa, hutoa luksi 1. Mbalamwezi ya mwezi mpevu haifiki hata luksi 1. Sebule yenye taa ya kawaida ina luksi 100 hadi 300. Nje, chini ya mawingu ya msimu wa mvua, kuna luksi 10,000 na zaidi. Juani saa sita, karibu 100,000.

Tazama pengo hilo. Chumba tunachokiona kina mwanga wa kutosha kina sehemu ndogo tu ya mwanga ulio kivulini mwa mwembe uani. Macho hayalioni pengo, lakini saa ya mwili hulihisi.

Mwaka 2022 kundi la watafiti kutoka nchi kadhaa lilichapisha mapendekezo wanayokubaliana, wakitumia luksi zilizopimwa kwa hisi ya melanopsini badala ya macho. Mchana, jicho lipate angalau 250. Katika saa tatu za mwisho kabla ya kulala, lisipate zaidi ya 10. Wakati wa usingizi, lisizidi 1. Ukizikumbuka namba hizi tatu, umeibeba sura hii nzima: nyingi mchana, chache jioni, karibu hakuna usiku.

Mtu atasema hayo ni mambo ya Wazungu wenye baridi na majumba ya vioo. Basi tuwatazame Wahadza, jirani zetu wa kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Gandhi Yetish na Jerome Siegel walichapisha vipimo vya usingizi wa Wahadza, pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, jamii tatu zinazoishi bila umeme. Wengi walidhani watu hao hulala jua linapozama. Sivyo. Kwa wastani walilala saa tatu na dakika chache baada ya machweo, wakikaa na kuzungumza, na wengi waliamka kabla ya jua kuchomoza. Mwanga mwingi zaidi waliupata asubuhi. Saa sita walikaa vivulini. Na malalamiko ya kukosa usingizi yalikuwa machache mno kwao.

Hivyo mazungumzo ya jioni si adui wa usingizi, na wala si lazima kulala na kuku. Tofauti ni kwamba wao hukesha kando ya moto, sisi hukesha chini ya saa sita ya mchana iliyoning'inizwa darini.

Mwanga na moyo

Norman Rosenthal alizaliwa Afrika Kusini, akahamia New York mwaka 1976 akiwa daktari kijana. Kila majira ya baridi alijikuta mzito na asiye na hamu ya kazi. Majira ya kuchipua yakija, nguvu zilirudi. Mwaka 1984 yeye na wenzake waliueleza rasmi ugonjwa wa huzuni unaokuja na majira, na wakaonyesha kwamba mwanga mkali hupunguza dalili zake kwa wagonjwa wengi. Warundi waliohamia Ubelgiji wanaijua hali hiyo hata kama hawaijui kwa jina. Mwezi Desemba, jua la Brussels huchomoza karibu saa tatu kasoro robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mtu huenda kazini gizani na kurudi gizani.

Sisi hatuna majira hayo. Lakini aliyefungiwa chumbani kutwa amejitengenezea Desemba ya Brussels hapahapa, nyuzi tatu kutoka ikweta. Fikiria mama aliyejifungua karibuni, mzee mwenye magoti mabovu, mgonjwa anayeuguzwa, mtumishi wa ndani, kijana asiye na kazi anayelala mpaka adhuhuri. Hao ndio wanaopata mwanga mchache kuliko wote, na ndio ambao moyo wao uko hatarini zaidi.

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliofanyika Uingereza kwa watu zaidi ya 86,000 waliovaa vipima mwanga mkononi. Waliopata mwanga mwingi zaidi usiku walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa sonona, kwa takriban asilimia 30. Waliopata mwanga mwingi zaidi mchana walikuwa na uwezekano mdogo, kwa takriban asilimia 20. Utafiti wa namna hii hauthibitishi peke yake kwamba mwanga ndio chanzo, kwani mwenye huzuni pia hukesha na kujifungia. Lakini unakwenda sambamba na tunachokijua kuhusu saa ya mwili, na dawa inayopendekezwa haina madhara wala bei: fungua dirisha.

Niseme hili kwa uzito. Taa haiponyi kila kitu. Mji huu umebeba misiba ambayo balbu haiwezi kuigusa. Mtu aliyezama katika huzuni wiki baada ya wiki, asiyekula wala kulala, anahitaji watu na tiba. Kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge kipo kwa ajili hiyo, na kwenda huko si aibu. Mwanga mzuri nyumbani ni msaada wa kila siku, na haufuti haja ya daktari.

Taa zilivyotufikia

Babu wa wengi wa wakaaji wa Buyenzi walikuja kwa njia ya Ujiji, wakiandamana na misafara kutoka pwani, au kutoka Manyema. Pwani waliyoiacha ilikuwa na elimu yake ya mwanga. Katika majumba ya mawe ya Lamu vyumba ni vyembamba, kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti za mkoko, na vina kina kirefu. Mafundi wakavipiga kuta lipu nyeupe ya chokaa, wakachonga safu za zidaka, na mwanga kidogo kutoka uwanda wa ndani ukarushwa kutoka ukuta hadi ukuta mpaka ndani kabisa. Jioni, taa ndogo ilitosha, kwa maana ukuta mweupe ulikuwa mwenzake.

Bara tulibaki na koroboi na chemli, kisha ukaja umeme. Bwawa la kwanza la mto Ruzizi lilianza kuleta umeme mwishoni mwa miaka ya 1950, mji huu ukiitwa bado Usumbura. Rwegura, kando ya msitu wa Kibira, likafuata mwaka 1986 likiwa na megawati 18, kisha Ruzizi II mwaka 1989, mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati huo. Kwa miongo mingi balbu iliyotundikwa majumbani ilikuwa ya waya mwembamba unaowaka kwa joto. Ilikula umeme, lakini mwanga wake ulikuwa wa manjano, jamaa wa moto na mshumaa, na mwili haukuuona kama mchana.

Balbu ya LED ilibadilisha hesabu. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura, walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya buluu, na walistahili. Balbu ya wati 9 leo hufanya kazi ya balbu ya wati 60. Ikiwaka saa tano kila usiku, balbu ya zamani hula yuniti 9 kwa mwezi; hii mpya haifiki yuniti moja na nusu. Kwa anayenunua umeme wa Cash Power kwa jasho lake, hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini taa nyeupe ya LED, kwa ndani, ni taa ya buluu iliyovikwa unga wa manjano. Unga ukiwa mchache, buluu nyingi hupita. Na kwa kuwa nyeupe huonekana kali zaidi machoni, ndiyo inayojaa kwenye meza za wauzaji wa soko la Ruvumera na kwingineko. Tumeingia katika taa za kuokoa umeme bila kuambiwa kwamba zina aina, na kwamba aina moja ni ya mchana na nyingine ya jioni.

Kuna sababu nyingine ya kupenda taa kali, nayo si ya kudharauliwa. Katika miaka ya vita iliyoanza Oktoba 1993, usiku wa mji huu ulikuwa na milio ya risasi, na amri ya kutotoka nje iliondolewa Aprili 2006 tu. Kwa aliyeishi nyakati hizo, giza si pambo. Nyumba iliyoangazwa kila pembe humwambia kwamba vita vimekwisha. Ninapopendekeza mwanga mdogo jioni, sipendekezi giza la hofu. Napendekeza mwanga wa chini, wa joto, unaokuwezesha kuona uso wa kila aliye chumbani.

Umeme unapokatika

Delestaji, yaani kukatwa kwa umeme, zinajulikana na kila mtu hapa, hasa kiangazi, maji ya mabwawa yanapopungua. Sitazipamba. Zinamharibia kinyozi, mchomeleaji na muuza samaki, na zinamnyima mwanafunzi somo lake. Tena katika nchi hii ni takriban mtu 1 kati ya 10 aliye na umeme nyumbani, na walio nje ya mji wamezoea kuishi bila kukatiwa, kwa sababu hawajawahi kuupata.

Koroboi si jibu. Katika kila kilo ya mafuta ya taa inayoungua kwa utambi wa wazi, gramu 70 hadi 90 hugeuka masizi meusi yanayoingia vifuani mwa wanaosoma karibu nayo. Mshumaa huanguka na kuunguza chandarua. Taa ndogo ya sola, iliyowekwa juani asubuhi, ni salama zaidi kuliko vyote viwili, na mwenye uwezo wa kununua kitu kimoja tu anunue hiyo.

Kuirudishia nyumba saa yake

Yafuatayo hayahitaji mhandisi. Yafuate kwa mpangilio wa siku.

*Saa moja asubuhi.* Kitu cha kwanza baada ya kuamka kiwe kufungua mapazia, kabla ya simu. Uji au chai inywewe barazani au mlangoni, siyo chumba cha ndani. Nusu saa ya mwanga wa nje inatosha kuirekebisha saa ya mwili, hata siku ya mawingu. Anayekwenda kwa mguu kusali au kazini ameshapata fungu lake. Asiyeweza kutoka, hamishia kiti chake karibu na mlango. Kama nyumbani kuna mzee au mama mwenye kichanga, hilo liwe jukumu la kwanza la kijana wa nyumba kila siku.

*Saa sita mchana.* Shida ya huku ni kuuingiza mwanga bila kuliingiza joto. Anayejenga aelekeze madirisha makubwa kaskazini na kusini, kwa kuwa jua letu hupita karibu utosini mwaka mzima, na upenu mfupi wa paa hutosha kulikinga. Magharibi kuna ziwa, na kila mtu analitamani, lakini pia kuna jua la saa kumi linaloingia chini na kuchoma. Upande huo weka baraza pana, au matofali ya matundu kama yale ya nyumba za zamani za mtaa wa Rohero, yanayopitisha upepo na kuuchuja mwanga. Dirisha liwe juu zaidi kuliko pana, maana mwanga huingia ndani kiasi cha mara mbili ya kimo chake.

Aliyekwisha jenga apake rangi. Ukuta mweupe hurudisha karibu asilimia 80 ya mwanga unaoupiga. Wa kahawia iliyokoza hauzidi 20. Paka chokaa dari na ukuta unaotazamana na dirisha. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifikirii: paka chokaa upande wa ndani wa ukuta wa ua, ule ulio mbele ya dirisha lako. Ukuta uliokuwa unakunyima mwanga utaanza kukutumia.

Nyumba isiyo na dirisha la maana inaweza kupata bati moja angavu juu ya ukumbi au jiko. Mwaka 2002 fundi Mbrazili Alfredo Moser aligundua njia rahisi zaidi: chupa ya plastiki iliyojaa maji safi na kifuniko kimoja au viwili vya javeli ya kuzuia mwani, ikapenyezwa nusu nje nusu ndani ya bati na kuzibwa isivuje. Juani hutoa mwanga wa balbu ya wati 40 hadi 60, bila waya. Nyumba zetu za mabati zinaufaa ufundi huo.

*Saa kumi na mbili jioni.* Soma boksi la balbu. Tafuta nambari inayofuatwa na herufi K. Ikiwa 2700 au 3000, ni ya jioni: sebuleni, chumbani, mezani. Ikiwa 6500, ni ya mchana: dukani, kwenye karakana, jikoni penye kisu na moto. Zima ya darini, washa ya pembeni iliyo chini ya macho. Balbu mbili ndogo mahali pawili huleta utulivu kuliko moja kali katikati. Anayesoma apewe mwanga wa kutosha juu ya daftari lake, kando, bila chumba kizima kuangazwa. Mwenye balbu moja tu anaweza kuivika kikapu cha kusukwa chenye matundu. LED haina joto kubwa, na mwanga utapita matunduni ukiwa umelainika. Usifanye hivyo kamwe kwa mshumaa wala kwa balbu ya waya, kwani hizo huunguza.

*Saa nne usiku.* Chumba cha kulala kiwe giza. Taa ya ulinzi ya nje iinamishwe itazame chini, isipige dirisha lako wala la jirani. Kama kuna mzee anayeamka usiku, weka taa ndogo ya manjano chini karibu na sakafu, njiani kuelekea chooni, aone miguu yake bila kuamshwa macho yote. Simu ilale chumba kingine.

Wapangaji watasema nyumba si yao. Pazia ni lao, balbu ni yao, na kiti kilicho karibu na mlango ni chao. Wenye nyumba nao wajue kwamba kuongeza dirisha wakati wa ujenzi ni gharama ya mara moja, na chumba cha giza humlipisha mpangaji umeme wa mchana kila mwezi.

Kwa hiyo msomaji, usingoje umeme uimarike wala nyumba mpya ijengwe. Kesho saa moja asubuhi fungua pazia, umtoe mzee wako kwenye baraza. Kesho saa moja usiku zima taa ya darini, washa ndogo ya pembeni, na mzungumze. Fanyeni hivyo kwa wiki mbili, kisha muulizane mmelalaje.